Hodi Winguni: Jinsi Kompyuta Zilivyojifunza Kuuliza "Nani?"

Kompyuta za miaka ya 1940 na 1950 hazikuwa na haja ya kumjua mtumiaji. Zilifungiwa chumbani, mlangoni akawekwa mlinzi, na aliyeruhusiwa kupita alikabidhiwa mashine yote mpaka zamu yake iishe. Kumtambua mtu ilikuwa kazi ya mlinzi. Kazi hiyo iliingia ndani ya mashine pale watu wengi walipoanza kuitumia kwa pamoja, kila mmoja akiwa mbali nayo, hamjui mwenzake. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini leo simu yake inamdai alama ya kidole kabla ya kumfungulia barua pepe iliyohifadhiwa kwenye seva za nchi ya mbali, itabidi arudi nyuma miaka mingi kabla ya Amazon na Google.

1961–1966: Mashine moja, watu wengi

Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Massachusetts, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo walioupa jina la CTSS. Kompyuta wakati ule ilikuwa ghali mno, na kumwachia mtu mmoja aikalie huku akifikiri ilikuwa ni hasara. CTSS iliukata muda wa mashine vipande vidogo sana na kumgawia kila mtumiaji chake, kwa kasi ambayo ilimfanya kila mmoja ajione yuko peke yake. Anayekodi seva ya wingu leo ananunua kitu hichohicho: kipande cha mashine ya mwingine.

Kugawana kulileta mambo mawili. Kila mtu alikuwa na faili zake ambazo hakutaka wengine wazichezee, na kila mtu alikuwa amepimiwa muda wake. Corbató alichagua dawa nyepesi, kila mtumiaji awe na neno lake la siri, yaani nywila. Halikula kumbukumbu nyingi ya mashine, halikuhitaji kifaa chochote, na kilicholindwa kilikuwa kazi za watafiti na wanafunzi, si siri za taifa.

Dawa hiyo haikumaliza hata mwaka. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, alikuwa amegawiwa saa nne kwa wiki, na utafiti wake ulizihitaji nyingi zaidi. Akagundua kwamba faili lolote lingeweza kuombwa lichapishwe, mradi mtu awasilishe kadi ya matundu yenye namba ya akaunti na jina la faili. Ijumaa jioni akapeleka kadi inayoomba faili la nywila zote. Jumamosi akaenda kuchukua karatasi zake kabatini kama mtu aliyefuata kazi zake za kawaida. Baadaye aliwagawia na wenzake, kwa hesabu kwamba lawama ikija iwaangukie wengi. Mmoja wao akaingia katika akaunti ya J.C.R. Licklider, mtu aliyeheshimika sana katika fani, akamwachia maneno ya kejeli. Corbató alikuja kuambiwa na Scherr mwenyewe baada ya miaka mingi kupita.

Mwaka 1966 haikuhitajika hata hila. Wasimamizi wawili walikuwa kazini kwa wakati mmoja, mmoja akihariri tangazo linaloonekana kwa kila anayeingia, mwenzake akihariri faili la nywila. Programu ya kuhariria ilikuwa imetungwa kwa dhana kwamba mtu mmoja tu ndiye atakayeitumia katika saraka ile, hivyo ikatumia faili moja la muda kwa wote wawili. Vitu vikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia CTSS jioni ile alikaribishwa na orodha ya nywila za watumiaji wote. Corbató alikisimulia kisa hicho miaka mingi baadaye, alipopewa Tuzo ya Turing. Alisimulia kama mfano wa namna mifumo mikubwa inavyoharibikia mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama.

1966–1979: Kutunza jawabu, kutupa siri

Upande wa pili wa Atlantiki, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Roger Needham aliutambua ugonjwa wenyewe. Kwake yeye, nywila haikuwa na shida. Shida ilikuwa ile orodha. Kompyuta ikishatunza siri za watu wote mahali pamoja, anayeifikia orodha amewafikia wote. Akapendekeza nywila ipitishwe kwenye hesabu inayokwenda mbele bila kurudi nyuma, na kinachohifadhiwa kiwe jawabu tu. Mtumiaji akirudi kesho, nywila yake inapigiwa hesabu ileile na majawabu mawili yanalinganishwa. Mwizi wa faili anaondoka na majawabu asiyoweza kuyarudisha yakawa maneno. Maurice Wilkes aliieleza mbinu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1968, na tangu hapo hakukuwa na kisingizio cha kitaalamu cha kuhifadhi nywila kama zilivyoandikwa. Visingizio vya uvivu vilibaki. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou iliibiwa nywila milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa wazi, miaka 41 baada ya kitabu cha Wilkes.

Mbinu ya Needham ilikuwa na tundu, na waliolifanyia kazi ni Robert Morris na Ken Thompson, wa Maabara ya Bell ya Marekani, waliokuwa wakijenga mfumo wa Unix. Jawabu halirudishwi nyuma, ni kweli, lakini mwizi anaweza kuketi na kamusi, akapigia hesabu neno moja baada ya jingine, akatazama lipi linafanana na alichoiba. Morris na Thompson walijaribu wenyewe. Katika nywila 3,289 walizokusanya, 2,831 ziliangukia kwenye makundi mepesi: herufi chache mno, majina, maneno ya kamusi. Ni asilimia 86. Makala yao ya 1979 ilieleza dawa mbili. Kwanza, hesabu ifanywe ndefu makusudi, irudiwe mara 25, ili mwizi achoke. Pili, kila nywila ichanganywe na tarakimu za kubahatisha, walizoziita chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasiwe na jawabu moja, na kamusi iliyopigiwa hesabu kwa ajili ya mmoja isimfae mwizi kwa mwingine.

Nywila ya Thompson mwenyewe ilistahimili kuliko nyingi. Jawabu lake lilikuwa limebaki katika nakala za kale za Unix zilizoachwa wazi kwa umma, na wadadisi wakalivunja mwaka 2019. Ilikuwa hatua ya kufungulia mchezo wa sataranji, imeandikwa kwa alama za wachezaji.

1988: Baba na mwana

Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia kwenye intaneti programu iliyojisambaza yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ni mtoto wa Robert Morris wa Maabara ya Bell, ambaye wakati huo alikuwa mwanasayansi mkuu katika kituo cha usalama wa kompyuta cha shirika la ujasusi la NSA. Programu ya mwana ilipenya kwa njia kadhaa. Mojawapo ilikuwa ileile ambayo baba alikuwa ameionya dunia miaka tisa kabla. Ilichukua faili la majawabu, ikajaribu jina la mtumiaji, ikaligeuza kinyumenyume, kisha ikapita kwenye orodha yake ya maneno 432. Inakadiriwa kompyuta 6,000 zilielemewa, kwenye intaneti iliyokuwa na takriban 60,000. Mahakama ilimpa kijana kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za jamii na faini. Leo ni profesa wa MIT.

Baada ya hapo faili la majawabu likafichwa, asilione ila msimamizi. Watumiaji nao wakaanza kuwekewa masharti. Yaliyoenea zaidi yalitoka katika mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2004, ambapo Bill Burr alishauri nywila zichanganye herufi kubwa, tarakimu na alama. Masharti ya kubadilisha kila baada ya miezi kadhaa yakafuatana nayo maofisini kote. Watu wakafanya ambalo mtu yeyote angefanya, wakaongeza 1 mwishoni, mwezi uliofuata wakaifanya 2. Mwaka 2017 NIST iliyafuta masharti hayo, na Burr, akiwa mstaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika.

1978–2000: Tiketi na kitoleo cha namba

Wakati wengine wakiendelea kukwaruzana na nywila, Needham alikuwa amesogea mbele. Mwaka 1978 yeye na Michael Schroeder walichapisha utaratibu wa kuwatambulisha watu wawili mtandaoni kupitia mtu wa tatu anayeaminiwa na wote. MIT waliuchukua katika mradi wao wa Athena, ulioanza mwaka 1983 kwa lengo la kusambaza kompyuta chuo kizima. Mtumiaji angeweza kukaa mbele ya mashine yoyote, na hakuna mashine iliyostahili kuaminiwa na nywila yake. Wakajenga Kerberos, jina la mbwa wa vichwa vitatu wa ngano za Kigiriki. Mtumiaji anajitambulisha mara moja kwa seva maalumu, naye anapewa tiketi zenye muda wa kuisha. Printa, hifadhi ya faili na barua pepe zinakagua tiketi tu, hazioni nywila hata siku moja. Microsoft waliifanya Kerberos kuwa njia ya kawaida katika Windows 2000, na kupitia hapo ikaingia karibu kila ofisi yenye mtandao wa kompyuta.

Njia nyingine ilianzia kwa Kenneth Weiss, aliyeanzisha kampuni ya Security Dynamics mwaka 1984. Bidhaa yake, SecurID, ni kifaa kidogo chenye kioo kinachoonyesha namba mpya kila baada ya sekunde 60. Ndani yake mna siri, na siri hiyohiyo iko kwenye seva ya ofisi, hivyo pande zote mbili zinapiga hesabu moja kwa kufuata saa. Aliyeiba nywila bado alihitaji kifaa chenyewe. Mabenki na wakandarasi wa jeshi walikipenda.

Ila siri yenye wenyewe wawili huibiwa popote palipo na nakala yake, na hapa nakala ilikuwa na mtu wa tatu. Machi 2011 wafanyakazi kadhaa wa RSA, kampuni iliyokuwa imeirithi bidhaa hiyo, walitumiwa barua pepe yenye jedwali la Excel linalodai kuwa mpango wa ajira wa 2011. Mmoja akalifungua. Wadukuzi wakatoka hapo mpaka kwenye taarifa za siri za vifaa vilivyokuwa mikononi mwa wateja, takriban milioni 40. Miezi michache baadaye Lockheed Martin, watengenezaji wa ndege za kivita, walishambuliwa, na RSA wakalazimika kuwabadilishia wateja vifaa.

2006–2014: Wingu lafunguliwa kwa funguo mbili

Machi 2006 Amazon ilianza kukodisha hifadhi ya data kwa yeyote mwenye kadi ya benki, na Agosti mwaka huohuo ikaanza kukodisha seva zenyewe kwa saa. Sehemu kubwa ya kazi ya huduma hii ya pili, EC2, ilifanyika Afrika. Chris Pinkham, Mwafrika Kusini aliyekuwa Amazon, alitaka kurudi kwao, na kampuni ikamruhusu akafungue ofisi Cape Town. Timu yake ndogo ndiyo iliyoijenga.

Seva ya wingu haina chumba wala mlinzi. Kuiwasha, kuizima, kuinakili na kuifuta ni maagizo yanayotumwa kwa intaneti. Katika miaka ya mwanzo akaunti moja ya Amazon ilikuwa na anwani moja ya barua pepe, nywila moja, na jozi moja ya funguo ambazo programu hutumia kutia saini maagizo. Aliyekuwa navyo aliweza kufanya lolote. Wahandisi kumi wa kampuni moja waligawana jozi hiyo, wakaiandika ndani ya programu zao, na mwenzao akiacha kazi aliondoka nayo kichwani au kwenye kompyuta yake. Kitoleo cha namba kiliongezwa mwaka 2009, na mwaka 2011 ukazinduliwa rasmi mfumo wa kumpa kila mtu utambulisho wake na mipaka yake. Wengi hawakuhangaika nao.

Miongoni mwa waliolipia uzembe huo ni Code Spaces, kampuni iliyotunza programu za wateja wake kwenye seva za Amazon. Juni 17, 2014 ilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo, jambo ililokuwa imelizoea. Safari hii kulikuwa na ujumbe ndani ya paneli ya usimamizi yenyewe, ukidai fedha. Kampuni ikabadilisha nywila upesi. Mvamizi alikuwa amekwisha kujitengenezea akaunti nyingine kadhaa, na alipoona anafukuzwa akaanza kufuta: diski, nakala za akiba, picha za seva. Nakala za akiba zilikuwa katika akaunti ileile. Ndani ya saa 12 hakikubaki cha maana, na Code Spaces ikatangaza kwamba inafunga biashara. Hakuna jambazi wa miaka ya 1990 ambaye angeweza kuteketeza jengo la kompyuta pamoja na ghala lake la akiba kabla ya chakula cha jioni akiwa amekaa kwake.

Funguo za programu nazo zilikuwa na balaa lake. Mwaka 2016 wadukuzi walipata ufunguo wa Amazon ulioachwa katika hifadhi ya programu ya Uber kwenye GitHub, wakaondoka na taarifa za watu milioni 57. Uber waliwalipa na kunyamaza, habari ikatoka Novemba 2017, na aliyekuwa mkuu wao wa usalama akatiwa hatiani mwaka 2022 kwa kuificha.

Kwa watumiaji wa kawaida tatizo lilikuwa la namna nyingine. Tovuti changa za katikati ya miaka ya 2000, zikitaka kukutafutia marafiki, zilikuomba waziwazi nywila ya barua pepe yako ziingie zenyewe zikapekue anwani. Mamilioni walitoa. Mwaka 2007 kundi la wahandisi wa kampuni mbalimbali lilikubaliana juu ya OAuth, utaratibu ambao tovuti haipewi nywila, inapewa tokeni yenye ruhusa ya jambo moja, ambayo mwenye akaunti anaweza kuifuta. Kila unapobonyeza kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google, wazo la Needham na Schroeder ndilo linalofanya kazi nyuma ya pazia: mtu wa tatu anakujua, wengine wanaamini tiketi yake.

2007–2020: Laini na namba nne

Wakati Silicon Valley ikijadili namna ya kuwazoesha watu kutumia vithibitisho viwili, Kenya ilikwisha kuanza. M-Pesa ya Safaricom ilizinduliwa Machi 2007, na mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania. Aliyetuma fedha alihitaji vitu viwili: laini ya simu, ambayo ndani yake mna ufunguo wa siri unaojibu maswali ya mtandao bila kujitoa nje, na namba ya siri ya tarakimu nne aliyoijua yeye. Google walianza kuwapa watumiaji wote wa kawaida uthibitishaji wa hatua mbili mwaka 2011. Mama mboga wa Nairobi alikuwa na miaka kadhaa ya mazoezi. Naye alikuwa mteja wa mtambo wa mbali bila kujua, maana seva za M-Pesa zilikaa Ujerumani mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015.

Nguvu ya laini ya simu iliwavutia wengine wote. Mabenki, barua pepe, mitandao ya kijamii na huduma za wingu zikaanza kutuma namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Hapo laini ikabebeshwa mzigo ambao haikuundwa kuubeba. Ufunguo ulio ndani yake hauibiki kwa urahisi, lakini namba ya simu inahamishika: tapeli anafika kwa wakala na hadithi ya simu iliyopotea, anapewa laini mpya, na ujumbe wote wa mwenye namba unamfuata yeye. Asiyeweza hivyo anampigia mtu na kumwomba kwa upole amsomee zile namba "zilizokuja kwako kimakosa". Mwaka 2016 NIST ilitoa rasimu iliyoshauri ujumbe mfupi uachwe taratibu. Tanzania ilichukua njia nyingine, ya kuifunga namba kwa mwili wa mwenyewe: kuanzia Mei 2019 kila laini ilitakiwa isajiliwe upya kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Aliyepanga foleni ya kitambulisho miezi ile hatahitaji kukumbushwa.

Usajili unajua laini ni ya nani. Hauwezi kumzuia mwenye laini kumsomea tapeli namba.

2012–2022: Ufunguo usiokubali kudanganywa

Udhaifu huo ndio uliowasumbua wahandisi wa Google. Namba ya uthibitisho, iwe imetoka kwenye ujumbe, kifaa cha Weiss au programu ya simu, inasomwa na binadamu na kuandikwa na binadamu. Tovuti bandia inayofanana na ile ya kweli inaipokea, na sekunde hiyohiyo inaipeleka kwenye tovuti ya kweli. Wakishirikiana na Yubico, kampuni iliyoanzia Sweden, walitengeneza ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye tundu la USB. Msingi wake ni wazo ambalo Whitfield Diffie na Martin Hellman walilileta mwaka 1976: funguo mbili zinazaliwa pamoja, mmoja wa siri na mmoja wa hadharani, na kinachosainiwa kwa wa siri kinahakikiwa kwa wa hadharani.

Kifaa kinabaki na ufunguo wa siri, tovuti inapewa wa hadharani. Siku ya kuingia tovuti inatuma tarakimu za kubahatisha, kifaa kinazitia saini na kuzirudisha. Cha werevu zaidi ni kwamba kivinjari kinaingiza anwani halisi ya tovuti ndani ya kinachosainiwa. Mtumiaji anaweza kudanganyika na ukurasa bandia, kifaa hakidanganyiki, kwa sababu hakitazami sura ya ukurasa. Nayo seva haina siri yoyote ya kuibiwa. Tatizo la Scherr na kadi yake ya matundu linakufa hapo, kwa kukosa faili la kuchapisha.

Muungano wa FIDO ulijitangaza mwaka 2013 ili kuifanya mbinu hii kuwa kiwango cha wote. Google iliwapa funguo hizo wafanyakazi wake zaidi ya 85,000, na mwaka 2018 ikasema kwamba tangu ilipowalazimisha kuzitumia, mwanzoni mwa 2017, haikuwa na akaunti ya kazi iliyothibitika kunaswa na tovuti bandia. Machi 2019 vivinjari vikapata kiwango rasmi, na Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zikatangaza kwa pamoja kwamba simu yenyewe itageuka kuwa ufunguo, unaofunguliwa kwa uso au kidole.

Miezi hiyohiyo ya 2022 ilitoa jaribio ambalo hakuna maabara ingeliweza kulipanga vizuri zaidi. Kundi moja la wadukuzi lilituma ujumbe mfupi kwa wafanyakazi wa kampuni nyingi za teknolojia, likiwaelekeza kwenye kurasa bandia za kuingilia kazini. Twilio, waliotegemea namba za uthibitisho, waliingiliwa na data za wateja zikachukuliwa. Kwa Cloudflare, wafanyakazi wasiopungua 76 walipokea ujumbe huo ndani ya dakika moja, na watatu wakaandika nywila zao kama walivyoagizwa. Mvamizi hakuingia. Kila mfanyakazi wa Cloudflare alikuwa na ufunguo wa kuchomeka, nao ulikataa kusaini kwa ajili ya anwani ngeni. Ukiniuliza mimi, siku ile ilimaliza mjadala wa kitaalamu, ingawa mjadala wa gharama na usumbufu unaendelea.

2020–2025: Anayetoa tiketi

Mlango ulipoimarika, wavamizi wakageukia anayetoa tiketi. Katika udukuzi uliopitia programu za kampuni ya SolarWinds, uliofichuliwa Desemba 2020, majasusi wa Urusi walifika ndani ya ofisi za serikali ya Marekani. Kwa baadhi yao waliiba cheti kinachotumika kusaini utambulisho, wakawa wanajiandikia tiketi za kuingilia wingu la Microsoft kwa jina la yeyote wamtakaye. Kisa chote kilianza kufumuka kwa jambo dogo: kampuni ya FireEye iliona mfanyakazi wake mmoja amesajiliwa simu ya pili ya uthibitisho, wakamuuliza, akasema si yake.

Mwaka 2023 yakatokea makubwa zaidi. Kundi linalohusishwa na China lilikuwa na ufunguo wa kusaini wa Microsoft yenyewe, uliotengenezwa mwaka 2016 kwa ajili ya akaunti za watu binafsi. Kosa katika programu za kampuni likaufanya ukubalike hata kwenye barua pepe za mashirika. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ndiyo iliyogundua, mwezi Juni, kwa kuwa ilikuwa imelipia kiwango cha juu cha kumbukumbu za matumizi. Mashirika 22 yaliguswa, na kutoka wizara hiyo peke yake ziliondoka barua pepe takriban 60,000. Bodi ya serikali ya Marekani iliyochunguza kisa hicho iliandika mwaka 2024 kwamba Microsoft haikuwa imefahamu ufunguo ule ulivyotoka mikononi mwake.

Huku chini mambo yalibaki ya kizamani. Katikati ya 2024 wateja wapatao 165 wa Snowflake, kampuni ya kutunza data winguni kwa niaba ya mashirika, walijikuta hatarini kwa nywila tu. Zilikuwa zimeibwa na programu hasidi kutoka kwenye kompyuta za watu, nyingine tangu mwaka 2020, hazikuwahi kubadilishwa, na akaunti zilizoingiliwa hazikuwa na kithibitisho cha pili. Mmoja wao, kampuni ya simu ya AT&T, ilipoteza rekodi za simu na ujumbe za karibu wateja wake wote wa simu za mkononi. Baada ya hapo uvumilivu ukaisha. Amazon, Microsoft na Google, kwa tarehe tofauti kati ya 2024 na 2025, zikaanza kuwakatalia wasimamizi wa akaunti za wingu kuingia kwa nywila pekee.

Kukaza masharti kunazidisha wanaofungiwa nje, na aliyefungiwa nje hupiga simu. Septemba 2023 wavamizi wa hoteli na kasino za MGM waliripotiwa kuanza kwa kupigia dawati la msaada wakijifanya mfanyakazi. Kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 100. Mwezi mmoja kabla, watengenezaji wa dawa za usafi Clorox walikuwa wameingiliwa pia. Julai 2025 walifungua kesi California dhidi ya Cognizant, kampuni iliyoendesha dawati lao la msaada, wakidai fidia ya dola milioni 380. Kwa mujibu wa madai hayo, mvamizi alipiga simu, akasema hana nywila, na mhudumu akampa bila kumuuliza chochote cha kumtambulisha. Cognizant ilikana kuhusika na usalama wa mifumo ya Clorox, ikisema iliajiriwa kwa kazi finyu ya dawati la msaada.